H au X

Crown ya Likwata imepandishwa juu ya magogo
hapa Mkuti, tumbo wazi, mabomba mawili
yanashuka kutoka injini ya silinda nane,
kila moja na njia yake hadi nyuma,
kama wake wenza wasioazimana chumvi.

Nikawasha. Ikakohoa kushoto, ikakohoa kulia,
vikohozi visivyojuana.
"Panataka kiungo," nikasema. "Yapumuliane."

Viungo ni viwili, na vyote ni herufi.
H: kipande kifupi kinacholala katikati,
kipago kimoja cha ngazi.
Mshindo ukipita unachungulia kwa jirani,
unamjulia hali, unaendelea na safari.
X: mabomba yanabanana, yanaingiliana,
moshi wa kushoto unatokea kulia,
na hakuna anayeweza tena kudai chake.

X, herufi isiyo na kiti katika alfabeti yetu.
Niliijua kwa wino mwekundu,
madaftari matatu ya hesabu, pale Mtandi.
Labda ndiyo maana naipenda. Ni ngumu kuikata:
ukikosea digrii mbili, bomba linapiga mluzi.

Likwata, fedha ya korosho bado ya moto mfukoni,
alitaka X. Aliiona kwenye simu,
gari la watu huko likilia kama nyuki waliochokozwa.
"Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo."

Kwanza rangi, ile ya bei ya chini.
Tatu, mwanagenzi wangu, akayapaka mabomba yote mawili
kuanzia chini ya kiti cha dereva hadi kwenye sailensa,
tukaikimbiza Crown hadi Ndanda na kurudi.
(Mbele ya hospitali tulinyanyua mguu.)
Tulipoingia uvunguni, rangi ilikuwa imeshasema:
shubiri moja na nusu nyuma ya giaboksi
imeungua hadi chuma.
Hapo moto unagota. Hapo pa kukata.
Tatu akapiga alama ya chaki.

Ndipo nikauliza ninalowauliza wote:
gari hili linakwenda wapi?
Uwanja wa mashindano hatuna.
Tuna barabara ya Newala na kona zake.
Tuna mbuzi.

"Chiungutwa," akasema. "Kwa mama. Kila Ijumaa."
Akakwaruza kutu kwa ukucha.
"Masikio yake yameanza kuchagua.
Kengele ya baiskeli haisikii. Ndege hawasikii.
Mjukuu akilia, anamtazama mdomo.
Ila ngoma anaisikia. Lori la korosho
likiwa bado kule bondeni, yeye tayari anajifunga kanga."

Tatu akaniangalia. Mimi nikaangalia spana.
X huilainisha sauti, huipandisha,
huipeleka huko waliko ndege.
H huiacha chini, nzito, ya vishindo,
kama mtu anayetwanga nyumba ya pili.

Sikusema neno juu ya mama. Nilisema tu,
"H itakupunguzia elfu sitini."
"Basi weka H," akajibu, upesi upesi,
kama mtu aliyekuwa akingoja kupunguziwa bei
ya jambo alilokwisha kuliamua.

Nikatoboa. Nikachomelea. Cheche moja ikaingia kiatuni,
nikaiacha, maana mshono haungoji.
Jioni ikawaka, na mabati ya duka la Nantanga
yakaitikia yote kwa pamoja.

Ile X nilikuwa nimeshaikata, kwa tamaa yangu mwenyewe.
Inaning'inia msumarini juu ya mitungi ya gesi,
na kila mteja anauliza ni ya nani.

Ijumaa Tatu alisimama mlangoni, glavu mkononi,
Crown ikiishilia upande wa Newala.
"Kona ya kwanza," akasema. Akangoja.
"Ya pili."
Mimi, baada ya miaka ishirini ya grainda,
nilikuwa nimeshaipoteza.
"Ya tatu," akasema Tatu.